Wamenifutia uso wa Tarlton

Nina hasira. Kitabu hiki nimekisubiri kwa miezi: mkusanyo wa katuni za EC, ile kampuni ya New York iliyotoa hadithi za kutisha na za anga za juu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mchapishaji wa toleo hili jipya simtaji, mwenyewe anajijua. Bei na idadi ya kurasa mtajionea dukani. Mimi nina neno na picha moja tu.

Hadithi ni "Judgment Day", iliyotoka katika Weird Fantasy namba 18, mwaka 1953, ikachorwa na Joe Orlando. Mwanaanga aitwaye Tarlton anatoka Duniani kwenda kwenye sayari ya roboti, kukagua kama wanastahili kupokewa katika jamhuri ya galaksi. Anakuta roboti wa rangi ya chungwa na wa buluu. Kiwandani anaona wote wameundwa kwa vifaa vilevile, ganda la nje tu ndilo mbalimbali. Lakini wa buluu wamesukumiwa mtaa wa dhiki, na ndani ya basi wanakaa nyuma. Rosa Parks alikamatwa kwa sababu ya kiti cha basi Desemba 1955. Hawa walikwisha kulichora basi hilo mapema! Tarlton anawaambia hawajawa tayari, anapanda roketi yake. Muda wote huo uso wake hatujauona. Picha ya mwisho kabisa ndipo anavua helmeti, naye ni mtu Mweusi, jasho linametameta usoni.

Kila ukurasa unakwenda kwenye uso huo. Sasa fungueni kitabu changu. Wino umelundikana pale mpaka uso umekuwa doa. Macho hayapo, pua haipo, jasho halipo. Asiyeijua hadithi atadhani helmeti bado iko kichwani. Ni sawa na kumsimulia mtu hekaya usiku kucha, ukifika mwisho ukaanza kukohoa.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea akaniambia, "Mzee wangu, katuni za zamani ndivyo zilivyo, karatasi zilikuwa duni." Si kweli, nimekwisha kuona nakala za toleo la kale: uso unaonekana, na matone ya jasho unayahesabu. Nikamweleza kwa upole. Akanijibu, "Lakini ni picha moja tu, mzee."

Picha moja tu! Mwaka 1954, baada ya kelele kwamba katuni zinawaharibu watoto, hadi kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ikaketi kulisikiliza jambo hilo, wachapishaji waliunda ofisi ya kujikagua wenyewe. EC walipotaka kuirudia hadithi hii katika Incredible Science Fiction namba 33, mkuu wa ofisi hiyo, Jaji Charles Murphy, akasema Tarlton asiwe Mweusi. William Gaines, mwenye EC, na Al Feldstein, mhariri wake, wakakataa. Basi angalau jasho liondolewe. Wakakataa tena, wakatishia kuyatangaza hayo hadharani, na mwanzoni mwa 1956 hadithi ikatoka bila kuguswa. Baada ya hapo EC hawakutoa tena kitabu cha katuni cha aina ile. Watu walipigania uso huo na matone hayo ya jasho, halafu leo mtambo wa kuchapa unavifuta na mtu ananiambia ni picha moja.

Nilikuwa nimeazimia kuwaambia msinunue. Lakini usiku nilikirudia kitabu, nikakaa na vyombo vya anga vya mchoraji Wally Wood, kila waya na kila saa ya mitambo imetoka safi. Maiti za mwenzake Graham Ingels zinazofumuka makaburini nazo zimetoka vizuri, utando wa mate unauona. Nikasema basi, nyota nne, wanunue.

Kisha nikafikiria tena. Kumbe wanajua kuchapa weusi wa wino! Kaburi la Ingels lina giza kuliko ukurasa wa Tarlton, na hakuna mstari uliopotea. Kwa hiyo huo uso hakuna aliyeukagua, au aliukagua akaona unatosha. Nyota mbili, na hizo ni za Wood na Ingels.

Kitabu sikirudishi. Nataka ukurasa huo uchapwe upya na utumwe kwa kila aliyenunua, na nitapiga simu mpaka nipewe mtu anayeielewa hadithi yenyewe.