Tarangire kiangazi, msiipite tu jamani

Watu wengi wakitoka Arusha wanaipita Hifadhi ya Tarangire hivi hivi, akili yote iko Serengeti na Ngorongoro, na mimi inaniuma kwa kweli. Kama unataka kuona tembo, tembo haswa, makundi kwa makundi na vitoto vyao, njoo hapa na uje kiangazi, kati ya Julai na Oktoba.

Siri yote ni mto. Kule nje ya hifadhi maji yakishakauka wanyama wanarudi mto Tarangire, nyumbu, pundamilia, nyati, pofu, wote maji yao ni hayo hayo, na mto wenyewe ukipungua tembo wanachimba mchanga kwa miguu na mkonga mpaka maji yatokee, wenzao wanasubiri pembeni. Unaweza kukaa hapo lisaa lizima gari limezimwa na usichoke. Mvua zikianza nyumbu na pundamilia wengi wanatoka nje ya hifadhi kwenda tambarare za Simanjiro, kwa hiyo ukienda Aprili ukakuta pametulia usije ukasema hamna kitu.

Halafu mibuyu! Mwambie mwongoza wageni asimamishe gari uangalie magome yalivyochubuliwa, ni tembo hao, kiangazi wanaukwangua mti kwa meno wautafune wapate unyevu wa ndani, kuna mingine imetobolewa kabisa unaona mbingu upande wa pili na bado iko hai, mvua ikinyesha inatoa majani. Kuna mmoja una uwazi ndani, majangili walikuwa wanajificha humo, ulizia.

Wa siku moja wengi wanaishia upande wa geti, mi naona wanapunjika. Ingieni mapema asubuhi mfike hadi kinamasi cha Silale, tembo wanakula katikati ya majani mabichi wakati kwingine kote ni vumbi, na macho yapelekeni juu ya miti pia maana chatu wa huko wanapanda, na simba vile vile.

Msosi pale Matete, sehemu ya kupumzika na kula ndani ya hifadhi, una mandhari nzuri ya mto ila tumbili wanapora, usiache sahani hata dakika.

Kero kubwa ni mbung'o, hasa kwenye vichaka, wanang'ata hadi juu ya nguo. Bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, rangi hizo ndo zinawaita, vaeni kaki na mikono mirefu, na mkifika penye vichaka fungeni vioo.