Mashati ya mitumba ya Karume kwa shuka la viraka: angalia mgongo, si kola

Kwa anayeshona shuka la viraka hapa Dar es Salaam, kitambaa cha kutegemea kipo soko la Karume, kwenye mafungu ya mashati ya kiume ya mikono mirefu. Na ndani ya mafungu hayo, yanayotufaa zaidi ni yale ambayo wavaaji wanayaruka: kola imechakaa, vifungo viwili havipo, saizi ni XXL. Muuzaji anayashusha bei kwa sababu hizo hizo, na mshonaji hana kazi na kola wala vifungo. Ananunua mgongo.

Mgongo wa shati la XL ukishafumuliwa hutoa kitambaa cha kama inchi 24 kwa 26, yaani vipande 20 vya inchi 5 kwa 5. Pande mbili za mbele, ukikwepa mfuko na sehemu ya vifungo, zinaongeza 12 hivi, na mikono yote miwili inaongeza 8. Shuka la kutandika kitanda cha 5 kwa 6 linataka vipande 16 kwa upana na 19 kwa urefu, jumla 304. Ukishona robo inchi kutoka ukingoni, kila kipande kinabaki inchi 4 na nusu, na shuka linatoka futi 6 kwa 7 na ushee. Mashati 8 yanatosha. Chukua 9, maana kuna moja litakalokuangusha.

Kasoro kubwa ya Karume ni mwanga. Chini ya maturubai shati lililolika viwiko linaonekana zima. Toka nalo juani, linyooshe, tazama viwiko na sehemu ya juu ya mgongo: ukiona nuru inapenya kama kwenye chujio, rudisha. Kisha likunje ngumini uhesabu hadi kumi. Pamba tupu inabaki na makunyanzi. Iliyochanganywa na polyester inafunguka karibu kama ilivyokuwa. Lebo ikiwepo isome, ila nyingi zimekatwa. Nyumbani choma uzi mmoja kumaliza ubishi: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, polyester inajikunja na kuwa kidonge kigumu cheusi. Kidonge hicho ndicho kitakachoganda kwenye pasi yako ukiiweka moto wa pamba.

Jinzi ziache kwa kazi nyingine, mikoba au mkeka wa kukalia. Jinzi ikishonwa ubavuni mwa shati, shuka likiloa uzito wote unavuta kitambaa chepesi, nacho kinachanika kandokando ya mshono. Jinzi zinazovutika ni mbaya zaidi, kwa sababu kipande kinatanuka chini ya mguu wa cherehani na safu nzima inakuwa mawimbi.

Mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi wa Kariakoo yana rangi ambazo Karume huzipati, na tunayapenda sana. Lakini kitenge ni kipya. Shati la mtumba limefuliwa mara nyingi na limeshamaliza kurudi, yaani kusinyaa. Kitenge kinarudi kinapofuliwa mara ya kwanza, na ukiwa umeshakishona, pale kilipo panajikunja kama uso wa mzee. Kifue kwanza kwa maji ya moto, gundi itoke, kikaushe, ndipo ukate. Chekundu na cha buluu iliyoiva kilaze kikiwa kimelowa juu ya kitambaa cheupe, upitishe pasi. Kikiacha alama, rudia kufua.

Kwenye cherehani ya miguu sindano namba 14 inatosha, na mshono uwe wa wastani. Kinachoharibu shuka ni ile robo inchi. Ukizidisha moja ya kumi na sita ya inchi tu, kila mshono unakula moja ya nane zaidi, maana unachukua vipande viwili, na kwa mishono 15 ya upana safu inapungua karibu inchi 2. Safu inayofuata ukiishona sawasawa, hazitakutana. Bandika utepe kwenye bati la cherehani, robo inchi kutoka sindano, ukingo wa kitambaa uufuate huo. Mishono ya safu ya kwanza ilalie kulia kwa pasi, ya pili kushoto, ili makutano yashikane bila kuvimba.

Kujaza sufi au pamba katikati hatushauri kwa joto la hapa. Msimu wa mvua inabaki na unyevu na kunuka uvundo. Badala yake weka katikati shuka kuukuu la pamba, na nyuma kanga. Doti mbili zikiunganishwa mbili kwa mbili zinatosha, na linalozidi linakunjwa kuwa pindo.

Nenda asubuhi balo linapofunguliwa, na nakala ya kipande cha inchi 5 uliyokata kwenye boksi iwe mfukoni. Ukiiweka juu ya mgongo wa shati unahesabu vipande pale pale, na bei unaijadili ukijua unachonunua.