Gundi ya nati ya buluu kwenye vioo vya pikipiki: uzoefu wangu

Ninaandika kuhusu gundi ya nati (ile inayotiwa kwenye nati ili isilegee) yenye nguvu ya wastani, ya rangi ya buluu inayouzwa katika vichupa vya mililita 10, baada ya kuitumia kwenye vioo vya pikipiki yangu kwa muda wa kutosha kujua inachoweza na isichoweza. Kazi yake inaifanya vizuri. Hata hivyo, kazi hiyo ni finyu kuliko maelezo ya kwenye kibandiko yanavyomfanya mnunuzi aamini, kwa sababu kioo cha pikipiki hulegea katika sehemu tatu tofauti, na kwa kioo kinachoyumba si kila sehemu kati ya hizo inayotaka gundi.

Sehemu ya kwanza ni pale fimbo ya kioo inapoingia kwenye kishikizo cha leva ya breki au klachi, ambapo kuna hesi, yaani mikato ya mzunguko kama ya skrubu, na nati ya kufungia. Ya pili ni kiungo cha gololi kilichoko nyuma ya kichwa cha kioo, ambacho ndicho kinachomwezesha dereva kukielekeza kioo anakotaka. Ya tatu ni kishikizo chenyewe, kinachoubana usukani kwa bolti zake. Kabla ya kununua chochote, shika fimbo kwa mkono mmoja karibu na nati, kisha utikise kichwa cha kioo kwa mkono wa pili. Fimbo ikitulia huku kichwa kikicheza, ubovu uko kwenye gololi. Fimbo na kichwa vikizunguka pamoja, nati imelegea. Na leva ikisogea pamoja na fimbo, kaza bolti za kishikizo, kwani huenda ukawa umemaliza kazi bila kutoa hata senti.

Kwangu mimi, kioo cha kushoto kilikuwa na tatizo la nati na cha kulia kilikuwa na tatizo la gololi, jambo lililonipa nafasi nzuri ya kuijaribu bidhaa hii pande zote mbili. Kwamba nati ya kushoto ndiyo iliyotangulia kulegea halikuwa jambo la kushangaza. Upepo hukisukuma kichwa cha kioo kuelekea nyuma, na kwa kioo cha kushoto msukumo huo unaizungusha fimbo kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu, yaani upande uleule wa kufungulia hesi za kawaida. Kwa kioo cha kulia, msukumo huohuo unakaza. Ongeza mtetemo wa injini ya silinda moja, na nati isiyoshika sawasawa haina budi kuachia. Wenye pikipiki za Yamaha waangalie jambo moja hapa, kwamba nyingi kati ya hizo zina hesi za kinyume kwenye kioo cha kulia, ili kioo kikigongwa kutoka mbele kizunguke na kulegea badala ya kuvunjika. Nati ya aina hiyo hufunguliwa kwa kuzungushwa upande ambao mkono umezoea kukazia, na anayeilazimisha kwa spana ndefu bila kujua hivyo ataharibu hesi za kishikizo, ambacho kwa kawaida ni cha alumini na ni laini kuliko chuma cha fimbo.

Gundi yenyewe ni ya aina inayokauka inapokosa hewa na kugusana na metali, na tabia hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kuihusu. Kichupa kipya hujazwa nusu tu, na mnunuzi asidhani kuwa amepunjwa, kwa maana ni hewa iliyomo ndani inayoizuia gundi isigande kabla ya kutumika. Tone lililomwagika juu ya meza litabaki majimaji, ilhali lile lililobanwa kati ya hesi za fimbo na za nati huanza kushika ndani ya dakika chache na kufikia nguvu yake kamili baada ya takriban saa 24. Kwenye alumini, kwenye chuma kisichoshika kutu na mahali penye baridi, huchelewa zaidi. Ndiyo maana napendekeza kazi hii ifanywe jioni, pikipiki ilale, na isitumike mpaka saa hizo zitimie. Atakayeondoka papo hapo kwa kuwa nati inaonekana imekaza ataikata gundi kabla haijakomaa, kisha ailaumu bidhaa bure.

Usafi una uzito kuliko wingi wa gundi. Nilipoifungua fimbo nilikuta hesi zimejaa ute mweusi wa grisi na vumbi, ukiwa na chembe za alumini zinazong'aa, dalili kwamba fimbo ilikuwa ikicheza ndani ya tundu kwa muda mrefu. Nilisugua hesi za fimbo kwa brashi ya waya, nikalisafisha tundu kwa kitambaa kilichosokotwa, halafu nikapangusa kote kwa asetoni na kuacha pakauke. Petroli huondoa grisi lakini huacha utando wa mafuta, kwa hiyo siishauri kwa hatua hii ya mwisho. Asetoni nayo iwe kwenye kitambaa tu na si ya kumwagwa, kwa kuwa hula rangi na plastiki. Baada ya hapo niliisokota fimbo ndani ya kishikizo mpaka ikashika hesi za kutosha, nikaielekeza, nikatia tone moja kwenye hesi pale nati inapokaa, kisha nikaishusha nati na kuikaza kwa spana namba 14 huku nikiishikilia fimbo isizunguke. Ni muhimu kuishikilia kwa spana ya pili au kwa mkono imara karibu na nati. Kukitumia kichwa cha kioo kama mpini wa kukazia, kama wafanyavyo wengi barabarani, huumiza gololi na hesi kwa wakati mmoja.

Matokeo upande wa kushoto yameniridhisha kabisa. Nati haijasogea, jambo ambalo nimelihakiki kwa mstari mwembamba wa rangi nyeupe niliouchora kutoka kwenye nati hadi kwenye kishikizo, na mstari huo ungali umenyooka licha ya barabara za mashimo na mvua. Hapo awali nilikuwa natumia washa ya springi, ambayo mafundi wengi bado wanaiamini. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker wa Ujerumani alionyesha kwamba kinachofungua nati zaidi ni msukosuko wa kutoka ubavuni, na nati ya kioo cha pikipiki hupata msukosuko wa namna hiyo kila injini inaponguruma. Dhidi yake washa ya springi haisaidii sana, lakini gundi hujaza nafasi iliyoko kati ya hesi na kuuzuia mchezo huo usianze.

Nimewahi kuifungua nati hiyo ili kuteremsha kioo kidogo, na ilifunguka kwa spana ya kawaida, kwa mkatiko mfupi kisha ugumu uliopungua taratibu. Kwenye hesi palibaki unga mkavu mweupe wenye rangi kidogo ya buluu, ambao ni lazima usuguliwe wote kabla ya kutia tone jipya, kwani gundi iliyokwisha kuvunjika haishiki tena. Uwezo huu wa kufunguka ndio sababu ya kuchagua ya buluu badala ya nyekundu. Ile nyekundu ya nguvu kubwa huhitaji joto la takriban nyuzi 250 za Selsiasi ili iachie, na hakuna mtu mwenye busara atakayepeleka moto wa kiasi hicho karibu na mpira wa breki na swichi za plastiki.

Upande wa kulia habari ni tofauti. Kiungo cha gololi lazima kiendelee kugeuka, na kikombe chake mara nyingi ni cha plastiki. Gundi hii haishiki plastiki, na aina fulani za plastiki huzipasua baada ya muda. Niliuvua mpira unaokifunika kiungo, nikaikuta nati ndogo ya kubana springi, nikaikaza robo mzunguko, na kioo kikatulia bila gundi yoyote. Vioo vingine vimefungwa moja kwa moja kiwandani na havina nati hiyo, na kwa vioo hivyo sioni njia nyingine ya maana zaidi ya kununua kipya. Kwa sababu hiyohiyo ya plastiki, gundi ya ziada inayochuruzika chini ya nati ifutwe mara moja isifikie kasha la swichi.

Lawama yangu kwa bidhaa hii ni mbili. Mdomo wa kichupa nilichonunua hutoa gundi nyingi kuliko inavyohitajika hata ukikibonyeza kwa wepesi, hivi kwamba sasa naitia kwanza kwenye ncha ya kijiti. Pili, kibandiko kinadai kwamba "inaondoa mtikisiko", ilhali taswira kwenye kioo bado hufifia injini inapofikia kasi fulani, hata nati ikiwa imeshika kama jiwe. Mtikisiko huo unatoka kwenye fimbo yenyewe kupokea mtetemo wa usukani, na dawa yake ni fimbo nene au fupi zaidi, au vizito vya kwenye ncha za usukani. Anayesumbuliwa na taswira iliyofifia tu, huku kioo chake hakijalegea popote, asinunue gundi hii.