Tathmini ya mashine ya mkononi ya kupima kuganda kwa damu

Kwa mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, kwa sababu ya vali bandia ya moyo, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio au donge la damu lililowahi kuziba mshipa wa mguu, mashine ndogo inayopima INR, yaani tarakimu inayoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani ikilinganishwa na damu ya kawaida, kwa tone la damu ya kidoleni ni kifaa chenye manufaa ya kweli, nami naipendekeza bila kusita. Ninaitumia kwa sababu nina vali bandia, na tathmini hii inahusu aina nzima ya mashine hizo, kwa kuwa kanuni zake za kazi zinakaribiana sana. Lawama yangu kubwa haiendi kwa mashine yenyewe bali kwa kijitabu kilichofungashwa nayo, ambacho kinaeleza kwa makini namna ya kubadilisha betri lakini hakimwelezi mtumiaji tarakimu inayotokea kwenye kioo imetokana na nini ndani ya damu yake. Pasipo maelezo hayo, mtu huishia kuiamini mashine katika mambo ambayo haina uwezo wowote wa kuyaona.

Kiini cha kifaa ni stripu, kipande chembamba kinachopokea tone la damu. Imepakwa thromboplastini iliyokaushwa, ambayo sehemu yake kuu ni protini inayoitwa kichochezi cha tishu. Ndani ya mwili protini hiyo hukaa nje ya mkondo wa damu, katika nyama inayouzunguka mshipa, na damu haikutani nayo mpaka mshipa ukatike. Tone linapovutwa kwenye mfereji wa stripu, damu hupokea ishara ileile ambayo ingeipokea kwenye jeraha: faktari VII, mojawapo ya protini za damu zinazoigandisha, hushikamana na kichochezi hicho na kuiamsha faktari X, nayo ikisaidiwa na faktari V huigeuza prothrombini kuwa thrombini, na thrombini ndiyo inayoikata fibrinojeni iliyoyeyuka katika plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, na kuifanya nyuzi za fibrini. Mashine nyingi za aina hii hazisubiri nyuzi zenyewe zifumike. Stripu ina kemikali ambayo thrombini huikata, na mkato huo hutoa mkondo hafifu wa umeme. Mashine huhesabu sekunde zinazopita kabla ya mkondo huo kujitokeza, kisha huzigeuza kuwa INR. Anachokiona mtumiaji ni tone jekundu likimezwa na mfereji, alama ya kusubiri kwenye kioo, na muda mfupi baadaye tarakimu yenye nukta.

Inafaa kueleza kwa nini hatupewi sekunde zenyewe. Armand Quick wa Marekani alieleza kipimo cha muda wa prothrombini mwaka 1935, lakini thromboplastini za watengenezaji mbalimbali hazikuwa na nguvu sawa, hivyo damu ya mtu mmoja iliweza kutoa majibu tofauti katika maabara mbili, na dozi ya dawa ikapangwa kwa kufuata tofauti hiyo isiyo ya mgonjwa. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mfumo wa INR, ambao hulinganisha kila thromboplastini na kiwango kimoja cha kimataifa. Katika mashine nyingi rekebisho hilo limo ndani ya chipu inayokuja na kila kasha la stripu, na ndiyo sababu chipu ya kasha moja haipaswi kutumiwa na stripu za kasha jingine. Mtu asiyetumia dawa hupata jibu linalokaribia 1. Wengi wanaotumia warfarini hupangiwa kati ya 2 na 3, na wenye vali bandia mahali pa vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, mara nyingi hupangiwa 2.5 hadi 3.5.

Kuwa na mashine karibu kuna kishawishi chake, nacho ni kupima kila kukicha na kuchezea dozi kwa kufuata jibu la leo. Warfarini haitendi kazi kwa namna inayoruhusu hivyo. Haizigusi faktari ambazo tayari zimo katika damu. Inachofanya ni kuzuia ini lisiirejeshe vitamini K katika hali ya kutumika tena, na bila vitamini hiyo ini hutoa faktari II, VII, IX na X zisizoweza kushika kalisi, ambazo kwa hiyo hazina kazi. Zile za zamani hubaki mpaka zichakae zenyewe, na hazichakai kwa kasi moja: nusu ya faktari VII hutoweka ndani ya saa 6 hivi, wakati faktari II, yaani prothrombini, huchukua siku 2 hadi 3 kupungua kwa kiasi hicho. Matokeo yake ni kwamba katika siku za mwanzo za matibabu INR hupanda kwa sababu faktari VII imeshuka, ilhali prothrombini bado ni nyingi na kinga dhidi ya donge haijakamilika. Mashine inasema kweli kuhusu muda iliouhesabu, lakini anayeisoma kama uthibitisho kwamba dawa imekwisha kushika kazi anapotoka. Hata baadaye, dozi iliyobadilishwa jana haitaonekana ipasavyo leo, na kwa mtu ambaye hali yake imetulia, kupima kila wiki au kila baada ya wiki mbili, kwa ratiba ya kliniki yake, kunatosha.

Kuhusu utumiaji, jambo gumu ni tone. Mikono ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kabisa, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye ngozi huizimua damu, kisha kidole kitobolewe pembeni mwa ncha, si katikati ya nyama ambako maumivu ni makali zaidi. Mkono ukiwa na joto na ukining'inia chini, damu hutoka yenyewe na kutuna kama ushanga mdogo. Ukikaa na kukikamua kidole kwa nguvu, majimaji ya tishu huchanganyika na damu, na majimaji hayo yana kichochezi kilekile kilichomo kwenye stripu, kwa hiyo mashindano ya kuganda huanza kabla ya saa ya mashine kuanza kuhesabu. Kwa sababu hiyohiyo tone la kwanza ndilo linalotakiwa, nalo lifike kwenye stripu ndani ya sekunde 15 hivi. Kuongeza tone la pili juu ya la kwanza hakufai; ni bora kutupa stripu na kutoboa kidole kingine. Mashine yangu hukataa tone dogo kwa kutoa ujumbe wa hitilafu badala ya kubuni jibu, na tabia hiyo naithamini kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye boksi.

Sasa nije kwenye yale isiyoyaona. Kuganda kwa damu kuna mikono miwili, na INR hupima mmoja tu. Mkono mwingine ni wa chembe sahani, vipande vidogo visivyo na kiini ambavyo humeguka kutoka kwa seli kubwa sana za uboho wa mifupa, huishi siku 7 hadi 10, na ndivyo vya kwanza kukimbilia palipochanika na kuziba kwa muda. Mtu mzima huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka hadi 20,000, hatari ya kutokwa damu ni kubwa, na bado mashine itaonyesha 2.5 iliyotulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Vivyo hivyo aspirini huzilemaza chembe sahani kwa maisha yao yote bila kuibadilisha INR kwa namna ambayo ingemtahadharisha mtumiaji, na anayemeza dawa hizo mbili pamoja anavuja damu kwa urahisi zaidi kuliko tarakimu yake inavyodokeza.

Vilevile haioni upotevu wa damu. Uboho hutengeneza takriban chembe nyekundu milioni 2 kila sekunde, kwa amri ya homoni ya erithropoietini inayotolewa na figo pale oksijeni inapopungua, na kila chembe huishi siku 120 hivi. Mtu anayevuja damu kidogo kidogo tumboni anaweza kufidiwa na uboho kwa wiki kadhaa mpaka akiba ya madini ya chuma iishe, halafu hemoglobini ianze kuporomoka. Kwa muda wote huo INR inaweza kuwa palepale inapotakiwa. Kwa hiyo uchovu usio wa kawaida, kuhema kwa kazi ndogo au choo cheusi kama lami havijibiwi na mashine hii. Vinahitaji kipimo cha picha kamili ya damu, na kijitabu kilipaswa kuliandika hilo katika ukurasa wa kwanza.

Chembe nyekundu zina athari nyingine kwa kifaa. Kwa kuwa stripu hupima damu nzima na si plazima iliyotengwa, mashine nyingi hudai hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, iwe kati ya 25 na 55 kwa mia. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, au ambaye uboho wake huzalisha chembe kupita kiasi, asiitegemee. Kwa wengine usahihi unaridhisha. Ndani ya kiwango cha tiba, jibu likitofautiana na la maabara kwa 0.5 au chini ya hapo, linachukuliwa kuwa linakubaliana nalo, lakini kadiri INR inavyopanda ndivyo tofauti inavyopanuka, na jibu linalozidi 4.5 au 5 linapaswa kuthibitishwa kwa damu ya mshipani siku hiyohiyo.

Umbo la mashine halina la kulalamikia: inashikika vizuri, kumbukumbu yake huhifadhi majibu pamoja na tarehe, na tarakimu ni kubwa za kutosha kusomwa na mzee bila miwani. Wapo ambao hawapaswi kuinunua kabisa. Wanaotumia rivaroksabani, apiksabani au dabigatrani, ambazo ni dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, hawana faida nayo, kwa sababu INR haipimi nguvu ya dawa hizo hata pale inapobadilika kidogo. Na wenye kingamwili dhidi ya fosfolipidi, aina ya mafuta ya mwilini, wanaweza kupata jibu la juu la uongo, kwa kuwa kingamwili hizo hugombana na mafuta yaliyomo kwenye stripu, na mtu akapunguza dozi wakati damu yake iko tayari kuganda; hao daktari wao ndiye aamue kama mashine itatumika, baada ya kulinganisha majibu yake na ya maabara.