Mabati ya kuezekea pwani ya kusini: anza na msumari, bati baadaye

Machi 2024 niliweka ndoo tatu sebuleni kwangu Mikindani, Mtwara. Nyumba ilikuwa na miaka mitatu tu. Bati lenyewe lilikuwa zima, maji yalikuwa yanaingia kwenye misumari. Fundi alipopanda juu akagusa kichwa cha msumari kwa kidole, kikabaki mkononi mwake. Akagusa cha pili, kikabaki. Upande mmoja wa paa tulihesabu vichwa 41 vilivyokatika au kubaki magamba. Chini ya kila kimoja kulikuwa na duara la kutu, na kutoka hapo mchirizi wa kahawia uliteremka mpaka kwenye gata, kutoka kwenye gata mpaka kwenye simtanki, na maji ya simtanki hilo ndiyo wanangu wanayokunywa.

Mabati yale nilikuwa nimeyatafuta wiki mbili nzima. Niliuliza geji, yaani namba ya unene wa bati, niliuliza rangi, nilibishana kuhusu migongo mipana na migongo midogo. Misumari sikuiulizia swali hata moja. Nilimwambia kijana wa dukani anipimie kilo nne, akapima. Nilipomrudia mwaka jana na kile kichwa kilichovunjika, mwenye duka alinijibu, "Dada, msumari ni msumari."

Si kweli, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Sababu ya pili ni ujumbe wa msomaji mmoja wa Kilwa Masoko. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, upepo ulichukua mabati manane ya nyumba ya mama yake. Yalipookotwa hayakuwa yamechanika. Matundu ya misumari tu ndiyo yalikuwa yamepanuka mpaka kichwa kinapita.

Kwa hiyo mambo ya rangi inayopendeza na umbo linalofanana na vigae sitayagusa, mtayapata kwa kila muuzaji. Nimezipanga aina tano za paa kwa swali moja: baada ya miaka kumi ya upepo wa chumvi, pale lilipofungwa patakuwaje?

Elewa kwanza kinachotokea. Bati na msumari vyote ni chuma kilichovikwa zinki. Zinki huliwa yenyewe ili chuma kisiliwe. Mahali penye hewa ya chumvi zinki hupungua mikroni 2 hadi 4 kwa mwaka, na karibu kabisa na mawimbi hupungua zaidi ya hapo. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Misumari inayong'aa kama kijiko kipya imepakwa zinki kwa umeme, na tabaka lake mara nyingi ni mikroni 5 mpaka 12 tu. Piga hesabu mwenyewe. Tena fundi ameshaipiga nyundo kichwani, kwa hiyo hata hilo tabaka jembamba limepasuka siku ya kwanza. Misumari iliyochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa haing'ai, ni ya kijivu kilichofifia, ina mikwaruzo na vinundu, na tabaka lake hufika mikroni 40 na kuzidi. Dukani watu wanaikataa wakidhani ni ya zamani. Hiyo yenye sura mbaya ndiyo ya kununua.

Halafu kuna jua. Bati la urefu wa mita 6 likipanda joto nyuzi 40 kutoka alfajiri mpaka saa nane mchana hurefuka karibu milimita 3, na usiku hurudi. Kila siku linauvuta msumari huku na huku. Raba ya chini ya kichwa ikiwa ni plastiki ngumu inapasuka, na ikiwa ni kipande cha ndala, kama nilivyokuta kwenye nusu ya misumari yangu, inakauka na kudondoka. Tundu linabaki wazi, maji ya chumvi yanakaa humo, na chuma cha ukingo wa tundu hakina zinki hata chembe kwa sababu kilikatwa pale pale.

Nilifanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Nilinunua misumari mitanomitano katika maduka matano ya Mtwara mjini, nikagonga kila mmoja nyundo mara mbili kichwani, nikaiweka kwenye chupa za maji ya bahari niliyochota ghubani. Nne kati ya hizo chupa tano zilikuwa na maji ya rangi ya chai siku ya tatu. Ya tano, yenye misumari ya kijivu, ilianza kubadilika wiki ya tatu. Fanya hivi kabla hujanunua kilo hata moja. Inagharimu misumari mitano na subira.

Na ukipata skurubu, acha misumari kabisa. Msumari laini hushikwa na ubao kwa kubanwa tu, ukivutwa juu unatoka. Skurubu ina meno. Upepo haulibonyezi paa, unalinyonya kwenda juu, kwa hiyo kitu kinachotakiwa ni kile kisichong'oka. Chagua yenye wosha pana ya chuma na raba nyeusi laini inayorudi ukiibonyeza kwa ukucha, na umwambie fundi asiikaze mpaka raba ikafurika pembeni.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni bati la aluzinki lililopakwa rangi kiwandani, geji 28, na kwangu mimi liwe la ALAF. Sifichi upendeleo. Kiwanda hiki cha Dar es Salaam kipo tangu 1960, na nyumba ya mama yangu iliyoko Ligula, Mtwara mjini, imeezekwa kwa bati lake tangu 2010. Ile miaka yote ya kusi na kaskazi limepauka tu, halijatoboka. Lakini ukweli wote ni huu: fundi aliyeipaua alikuwa mzee aliyekataa misumari ya dukani, akaagiza skurubu kutoka Dar kwa basi, mama akanung'unika mwezi mzima kuhusu gharama. Leo anamwombea dua. Tabaka la aluzinki ni alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Alumini inachelewesha kuliwa kwa uso mpana, zinki inalinda kingo zilizokatwa. Ina maadui wake, na hao huambiwi dukani. Saruji mbichi au chokaa ikilidondokea inalila, basi plasta ya ukuta wa juu imalizike kabla ya kupaua. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba zikikaa na unyevu chini yake zinalila pia, ziache zikauke sawasawa. Na usimruhusu fundi kulikata kwa grinda. Zile cheche za moto zinatua juu ya rangi, kila moja inaanzisha kidoa chake cha kutu. Akate kwa mkasi wa bati. Soma na waranti kabla ya kulipa, kwa sababu waranti nyingi za mabati zina sharti la umbali kutoka baharini, na ukiwa Shangani ya Mtwara au Mikindani unaweza kujikuta nje ya sharti hilo siku unayotoka dukani.

Namba mbili ni bati la alumini tupu. Halishiki kutu ya kahawia kabisa. Ila likifungwa kwa msumari wa chuma mahali penye chumvi, alumini inayouzunguka ule msumari ndiyo inayoliwa, tundu linapanuka, na unarudi kwenye hadithi ya Kilwa. Lazima skurubu za alumini au za chuma kisichoshika kutu. Ukijumlisha zote mbili, bei ni ya wachache.

Vigae vya saruji nimeviweka namba tatu. Msumari wake umejificha chini ya kigae cha juu, haupigwi na chumvi moja kwa moja, na ndani ya nyumba kuna utulivu hata mvua ya masika ikishuka. Tatizo ni uzito. Mita moja ya mraba ni kilo 40 na zaidi, wakati bati la unene wa milimita 0.4 ni kama kilo 3. Kenchi, zile fremu zinazobeba paa, zinaongezeka, mbao zinaongezeka, ukuta unatakiwa imara zaidi.

Makuti ni namba nne. Hayana msumari hata mmoja, yanafungwa kwa kamba, na chini yake ni baridi kuliko paa lolote nililolitaja. Lakini ni ya kubadilisha kila baada ya miaka michache, yanashika moto, na maji yake hayafai simtanki.

Bati la zinki la geji 32: zuri kwa banda la kuku.

Kuhusu geji nina neno, na hapa naomba mnivumilie. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, hilo wengi wanajua. Wasilolijua ni kwamba geji imekuwa jina tu. Nimeuziwa "28" ambayo maikromita ya fundi ilisoma chini ya "30" ya duka la jirani. Bati jembamba ndilo linaloachia kichwa cha msumari kwanza. Dai milimita. Dai iandikwe kwenye risiti ya EFD, ile mashine ya kodi: unene kwa milimita, aina ya tabaka, jina la kiwanda. Muuzaji akisema mashine haiandiki maneno mengi, mwambie aandike kwa mkono na agonge muhuri. Tazama alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na maandishi ya kiwanda kwenye bati lenyewe, na bati lisilo na maandishi yoyote liache hapo hapo. Siku hizi kila bati jeupe linaitwa aluzinki.

Na bei! Minada ya korosho ikianza Oktoba, wakulima wa Tandahimba, Newala na Nanyamba wakilipwa, mabati yanapanda ndani ya wiki hiyo hiyo. Mjomba wangu wa Nanyamba aliambiwa bei moja asubuhi, aliporudi jioni na fedha akakuta nyingine, kwa mabati yale yale yaliyokuwa yamelala pale tangu Juni. Mkulima amesubiri malipo mwaka mzima, mvua zinaanza Novemba au Desemba, hana nafasi ya kungoja, na wauzaji wanalijua hilo. Wananiambia ni nauli ya lori kutoka Dar, zaidi ya kilomita 500. Nauli hiyo ilikuwepo Juni pia. Ukiweza kudunduliza, nunua kati ya Juni na Agosti, yahifadhi yakiwa yamesimama na kavu, maana yakilazwa yamebanana na maji katikati yanaota unga mweupe kabla hayajapanda juu.

Paa linaanza pia na nyumba ilivyokaa. Sisi tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua linatupita utosini Februari na Oktoba, kwa hiyo ukuta unaoungua ni wa mashariki na wa magharibi. Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, zipate upepo wa misimu yote miwili. Acha matundu ya hewa chini ya paa ili joto litoke kabla halijashuka chumbani, na uchague rangi ya mwanga hata kama jirani ana maruni. Upenu uwe mpana, unalinda ukuta na unatupa maji mbali na msingi. Lakini upenu mpana ndipo upepo unapoingiza mkono, basi kwenye kingo, pembeni na chini ya kofia, lile bati la kilele cha paa, skurubu ziwe mara mbili ya zile za katikati. Mafundi wengi hufanya kinyume, wanabana katikati na kupunguza pembeni ili kilo zitoshe. Kaa chini uhesabu wakati yeye yuko juu.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Kwa paa la mita 80 za mraba na mvua ya kama milimita 1,000 kwa mwaka tunayoipata, hayo ni maji mengi kwa mtu wa Newala anayenunua kwa ndoo. Yote yanapita juu ya vichwa vya misumari kabla ya kufika kikombeni.

Paa langu tulilifungua lote Julai mwaka jana. Mabati karibu yote yalirudi juu, tukayageuza kidogo ili matundu ya zamani yafunikwe na kofia au tuyazibe kwa raba na silikoni. Skurubu ziligharimu zaidi ya mara nne ya ile misumari ya kilo nne. Mjomba anapaua Nanyamba Agosti hii, kilomita nyingi kutoka baharini, na aliniambia, "Mwanangu, huku hakuna chumvi." Nimempelekea chupa mbili zile, ya maji ya chai na ile ya kijivu. Ameziweka dirishani, na juzi fundi wake alipokuja na mfuko wa misumari inayong'aa alimrudisha nao dukani.