Uzoefu wangu na klei ya kusafisha rangi ya gari (Tororo)

Nina Premio nyeupe, gari ya Japani kama nyingi zetu hapa, na kwa muda mrefu nilikuwa naiosha vizuri tu lakini nikipitisha mkono kwenye boneti inakwaruza kama msasa. Sabuni haitoi, kusugua na brashi ndo usijaribu kabisa. Ukiinama karibu unaona vidoti vidogo vya rangi ya chungwa, vingi zaidi upande wa dereva, na kwenye buti kuna vipele vyeusi vimetapakaa. Fundi rangi mmoja akaniambia rangi imechoka, boneti na buti zipigwe upya, na bei aliyotaja ilinitoa usingizi.

Sasa elewa mahali gari inapokaa. Naegesha karibu na wachomeleaji, wale wa mageti na grili za madirisha kando ya barabara. Wanakata chuma na grainda kutwa, na zile cheche unazoona zinaruka ni vipande vya chuma vya moto, vikitua kwenye gari vinanata kwenye klia, ile tabaka angavu ya juu ya rangi, na baada ya mvua kidogo vinashika kutu, ndo hivyo vidoti vya chungwa. Geti likiisha wanalipuliza rangi nyeusi hapohapo nje na upepo unabeba ule ukungu mpaka kwenye magari. Ongeza vumbi la breki la malori yanayokwenda mpakani Malaba na utomvu wa mwembe. Vitu hivi vingi vinakaa JUU ya rangi, rangi yenyewe chini iko salama, na hapa ndo nawaomba watu wasikilize kabla hawajatoa pesa ya kupiga gari rangi upya.

Klei yenyewe sio udongo wa shambani, ni kitu kinachotengenezwa kiwandani, laini, unakifinyanga na mkono, ndani kina chembechembe ndogo sana za kusugua. Ilitoka hukohuko Japani, anayetajwa kuwa mvumbuzi wake ni Tadao Kodate, na faida kubwa ilikuwa kutoa rangi iliyorukia gari bila kulazimika kulipiga upya. Inauzwa kwa ukali tofauti, kuna laini, kuna ya kati na kuna kali. Mimi nilichukua laini, duka la vipuri Kampala, na nawashauri na nyinyi muanze na laini hata kama gari imechafuka sana, kwa sababu ile kali inaacha ukungu kwenye rangi na hapo utahitaji pulishi ya mashine.

Niliosha gari kwanza, nikaipeleka kivulini mpaka bodi ikapoa kabisa, usifanye hii kitu juani maana maji yanakauka kabla hujamaliza. Nikabandika selotepu ya karatasi katikati ya boneti nifanye nusu moja kwanza. Kilainishi nilitumia maji yenye shampuu ya gari kwenye chupa ya kupuliza, na hapo usibanie, lowesha mpaka maji yanatiririka, klei ikipita pakavu inang'ang'ania na inachora rangi. Nikakata kipande, nikakifinyanga mpaka kikalainika, nikakibonyeza bapa saizi ya vidole vinne, nikaanza kuteleza nacho mbele na nyuma kwa mstari ulionyooka, sio kuzungusha, na bila kukandamiza.

Mwanzoni unasikia inakwaruza chini ya vidole, krrr krrr, halafu kidogokidogo sauti inapungua, mwisho inateleza kimya kabisa na hapo ujue pamesafika, hamia pengine. Nikaigeuza ile klei kuangalia, banange! Ilikuwa nyeupe, sasa ina michirizi ya kahawia na vinukta vyeusi vya ile rangi ya mageti, na hii ni gari iliyotoka kuoshwa muda huohuo. Ukiona hivyo unaikunja ndani, unaifinyanga tena upate upande safi, unaendelea. Na ikikuponyoka ikaanguka chini itupe tu, hata kama inauma, maana inaokota mchanga na huo mchanga utauburuza juu ya rangi yako. Ndo maana ya kukata vipande, usitumie yote kwa mara moja.

Kijana mmoja wa pale kwa wachomeleaji akaja kuangalia, nikampa kavera, yaani mfuko wa plastiki, avae mkononi apapase pande zote mbili za ile selotepu, ukivaa kavera nyembamba vidole vinahisi hata kile ambacho mkono mtupu hausikii. Akapapasa huku, akapapasa huku, akaniuliza, "Mzee, hapa umepaka nini?" Nikamwambia sijapaka kitu bado, nimetoa tu.

Vipele vyeusi vya buti vimetoka vyote, utomvu umetoka, na kioo cha mbele nacho nilikipitisha kikawa laini, waipa haziruki tena. Vidoti vya chungwa vimetoka vingi ila vile vilivyozama ndani vimebaki, klei inakata kinachojitokeza juu na haifukui chini, kwa hivyo ukiwa na tatizo kama langu tafuta kwanza ile dawa ya kupuliza ya kuyeyusha chuma, inageuka zambarau ikigusa kutu, suuza vizuri, halafu ndo klei. Mikwaruzo ya boda iko palepale, hiyo kazi sio ya klei na asikudanganye mtu.

Kuna jambo moja hupaswi kuruka. Klei inaondoka na waksi yote iliyokuwepo, rangi inabaki uchi, kwa hivyo siku hiyohiyo paka waksi. Mimi nilipaka na jua lilikuwa linazama, kitambaa cha maikrofaiba nikikiweka juu ya boneti kinateleza chenyewe mpaka chini. Na usiifanye kila wiki, papasa na kavera, kama hakuna kinachokwaruza basi osha tu.

Pesa ya fundi rangi bado ninayo. Kipande kilichobaki nimekipulizia maji kidogo nikakirudisha kwenye kopo lake kisikauke, na nimeomba nafasi ya kuegesha upande wa pili wa barabara, mbali na grainda.