Kabla hujalipia betri ya gari, tafuta kwanza imetengenezwa lini

Gari yangu iligoma kuwaka juu ya pantoni ya Kigamboni. Asubuhi, watu wanawahi kazini, tumeshafika upande wa Magogoni, mlango umeshushwa, mimi ni gari ya tatu kutoka mbele, nageuza ufunguo nasikia tik tik tik tu, taa za dashibodi zinafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Honi nyuma, bodaboda wanapenya pembeni, wapita kwa miguu wananiangalia, mpaka vijana wanne wakaja, "dada weka N, weka N", wakanisukuma mpaka juu kabisa barabarani. Kilichoniuma ni kwamba betri ilikuwa mpya. Miezi mitano tu! Na nilikuwa nimelipa laki na tisini.

Fundi alipokuja na mita akapima, volti 11.8. Tukaipeleka kuchajiwa usiku kucha, asubuhi ikasoma vizuri, jioni imeshuka tena. Ndo nikachukua kitambaa nikafuta vumbi kwenye kifuniko kule kwenye kona karibu na taminali, nikakuta maandishi madogo yamegongwa kwenye plastiki, hata rangi hayana, lazima uinamishe kichwa ili mwanga upige kwa pembeni. Ilikuwa tarehe ya kutengenezwa. Nikahesabu kwa vidole mara mbili. Ile betri siku naiuziwa ilikuwa na miaka miwili na miezi mitatu tangu itoke kiwandani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza betri gani nzuri, namrudisha kwanza kwenye hiyo tarehe, kabla ya jina na kabla ya bei.

Maana betri sio kama breki pedi, ambayo ukiiacha dukani mwaka mzima unaikuta vilevile. Ndani kuna vyumba sita, kila kimoja kina sahani za risasi zimezama kwenye asidi, na kile chombo kinaanza kufanya kazi siku asidi inapomiminwa, hata kama hakijafungwa kwenye gari yoyote. Inajimaliza chaji yenyewe polepole. Na joto ndo linaiharakisha, kila joto likipanda digrii 10 ile kasi ya kujimaliza inakuwa kama mara mbili. Sasa fikiria Dar ya Januari na Februari, betri imepangwa nje ya duka pale mitaa ya Gerezani juu ya baraza, jua linaipiga toka saa tatu mpaka saa kumi, siku baada ya siku. Ikishaisha chaji na kukaa hivohivo, zile sahani zinashika ukoko wa sulfeti. Ukitaka kuuelewa angalia birika la nyumba inayotumia maji ya kisima cha chumvi, ule ukoko mweupe unaoganda chini, ukiuwahi unatoka, ukiuacha unakuwa jiwe. Kwenye betri ni hivo hivo, mwanzoni chaja inautoa, ukishakomaa hautoki tena, na sehemu iliyoshikwa haibebi umeme maisha yake yote.

Na hapo ndo muuzaji anapotushinda, kwa sababu betri hiyo akiichaji usiku, asubuhi mita inasoma 12.7 safi kabisa na gari inawaka kwa kishindo. Inakuja kukuangusha baadaye, mbali na duka lake.

Tarehe inakaa wapi? Juu ya kifuniko, au ubavuni karibu na kona, au imegongwa kwenye risasi ya taminali yenyewe. Wengine wanaandika wazi siku, mwezi na mwaka. Wengine wanatumia herufi kwa mwezi, A ni Januari, B ni Februari, afu tarakimu ya mwaka, kwa hiyo C4 inakuwa Machi 2024. Kila kampuni ina utaratibu wake, mwambie anayekuuzia akusomee huku anakuonyesha kwa kidole, anayeuza betri kila siku halafu hajui kuisoma, au anakwambia "dada hiyo ni namba ya kiwanda tu", wewe toka nenda duka la pili. Mimi mwisho wangu ni miezi sita. Ikizidi hapo iwe imepimwa kwa tester mbele yangu, ile inayoonyesha nguvu ya kuwashia, CCA, na namba inayotoka ilingane na iliyoandikwa kwenye lebo. Ikizidi mwaka siichukui hata kwa nusu bei. Na volti, ikiwa haijachajiwa siku hiyo, iwe 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 ni robo imeshaondoka, 12.2 ni nusu, ikisoma chini ya hapo irudishe kwenye shelfu.

Lile jicho la kijani lisikudanganye pia. Linasoma chumba kimoja tu kati ya sita, kwa hiyo vingine vitano vinaweza kuwa vimekufa na jicho bado kijani. Halafu hii tunayoiita betri kavu sio kavu, asidi imo ndani, imefungwa tu usiiongeze maji, na ndo maana suala la tarehe linaihusu sana. Ambayo kweli inavumilia kukaa dukani ni ile inayokuja bila asidi kabisa, vifuniko vimezibwa toka kiwandani, wanaijaza mbele yako na kuichaji. Ukiipata hiyo na huna uvivu wa kuangalia maji kila mwezi, chukua.

Kingine cha kuangalia kwa jicho ni taminali. Betri mpya taminali zake ni laini, zinang'aa, zina kofia za plastiki. Ukiona michubuko ya duara, hiyo imeshawahi kufungwa kwenye gari ya mtu akairudisha.

Saizi sitakaa nayo sana, fundi yeyote anajua N40 na N70. Soma tu namba ya saizi iliyoandikwa kwenye betri unayoitoa. Yangu ni 46B24L, 24 ni urefu kwa sentimita, L ni upande ilipo chanya, ukiletewa R waya hazifiki. Na hizi za B mara nyingi taminali zake ni nyembamba, za D ni nene, usikubali fundi akuzungushie kipande cha bati la kopo ili klempu ibane, inalegea na gari inaanza visa visivyoeleweka. Wenye gari zilizoundwa kujizima zenyewe kwenye foleni na kuwaka tena, nyie ni AGM au EFB tu, yaani betri za kuhimili kuwasha mara nyingi, ya kawaida itakufa mapema mno.

Sasa majina. Namba moja kwangu ni Chloride Exide na sifichi. Zinatengenezwa Nairobi, zinakuja kwa barabara, hazina ile safari ya miezi ndani ya kontena baharini, na mimi kila nilipozikagua, tena nimekagua maduka mengi mpaka wauzaji wananijua, ndo nimekuta tarehe za karibu, miezi miwili, mitatu. Pikapu ya baba ilikuwa nazo toka nikiwa shule ya msingi, na hii niliyoweka baada ya ile aibu ya pantoni inaingia mwaka wa pili sa hivi, leo asubuhi kabla ya kuwasha imesoma 12.6. Ni ghali kidogo kuliko nyingi zilizo pembeni yake na nitailipia hivohivo.

Namba mbili ni GS Yuasa. Hiyo GS ni herufi za Genzo Shimadzu, Mjapani aliyetengeneza betri ya kwanza ya risasi kule kwao mwaka 1895, kwa hiyo hawa watu wana historia na hii kazi. Ikiwa ya juzijuzi, naikubali sana. Angalia tu imeandikwa imetengenezwa wapi, maana sio zote zinatoka Japani, zipo za Indonesia, na wauzaji wengi watakwambia Japani na kukupigia bei ya Japani. Shida yangu na hizi za kuja kwa meli ni kwamba mpaka zitoke kiwandani, zisubiri meli, zitoke bandarini, zikae kwa mwenye stoo, ndo zifike Kariakoo, umri umeshakwenda, na hakuna mtu aliyezichaji njiani.

Baada ya hapo Wakorea, Rocket na Solite, zote nzuri, sina neno baya. Kati yao chukua yenye tarehe changa, hata kama ulitoka nyumbani na jina lingine kichwani. Amaron ya India naiweka hapohapo, shemeji yangu anaiapia.

Za bei chee zisizojulikana jina, zile unaambiwa elfu themanini na waranti ya mdomo, sina la kusema zaidi ya tarehe, tena nyingi hazina kabisa. Za mtumba hapana.

Kabla hujatoa hela, hakikisha pia altaneta inachaji, gari ikiwa imewaka mita isome 13.8 mpaka 14.5 hivi kwenye betri. Fanya hivo na mwambie fundi akuandikie, nitakwambia kwa nini.

Niliporudi na ile betri yangu dukani, jambo la kwanza kuambiwa ni "altaneta yako ndo imeiua". Hajapima. Hajafungua hata boneti. Nikamwambia tupime, ikasoma 14.2. Akahamia kwenye kadi ya waranti, kwamba haina tarehe ya kuuza. Na ni yeye aliyetakiwa kuijaza! Siku ile aliniambia "dada tulia, hapa ni nyumbani", akanipa kadi tupu na kikaratasi cha mkono badala ya risiti ya mashine ya EFD, na mimi nikapokea kwa sababu nilikuwa na haraka. Sikurudishiwa hata shilingi. Kumbe hata laki na tisini yenyewe ndani yake kulikuwa na hela ya winga, yule kijana aliyenipokea toka barabarani akanibebea mpaka mkoba, nilikuja kujua baadaye duka la jirani saizi ileile ilikuwa laki na hamsini na tano. Sina ugomvi na mtu kutafuta riziki, ila elfu thelathini na tano ya kunivusha barabara hapana kwa kweli.

Na betri chakavu, hapa ndo tunapoibiwa wengi bila kujua. Fundi anaitoa, anaiweka nyuma ya kaunta, wewe unashika ufunguo unaondoka unafurahi umepunguziwa mzigo. Ile ni risasi, ina zaidi ya kilo kumi, inauzwa kwa kilo, wanunuzi wa chuma chakavu wanaifuata mpaka mlangoni. Taja bei ya chakavu kabla ya kutaja bei ya mpya, na ikae mguuni kwako mpaka punguzo lionekane kwenye risiti. Mara ya mwisho nilipewa elfu ishirini, kwanza aliniambia elfu tano.